Vijikamba vya Kidosho na Mawe Yaliyochemshwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, Jumatatu tarehe 15 mwezi wa tano, kuanzia saa 7:50 mchana.
Shahidi: mwanamke, anajulikana kwa wateja wake kama Mama Matangi. Umri: miaka 37. Kazi: fundi wa matangi ya samaki majumbani na maofisini. Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha matofali. Amekuja mwenyewe bila kuitwa.

Kabla sijaanza nimemwomba afande apige simu, asiingie mtu jikoni kwa fundi saa wala asifunue sufuria mbili zilizo juu ya jiko. Amepiga. Sasa naeleza.

Nyumba ninayoisema ni ya fundi saa na mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye mmemweka mahabusu tangu Jumamosi. Nimewahudumia miaka mitatu. Mke namwita dada, naye huniita mdogo wangu. Mume namwita shemeji, kwa utani ambao umekuwa mazoea. Sebuleni wana tangi la maji ya chumvi, na ndani yake samaki mmoja wa rangi nyingi, urefu wake kama kidole. Wamempa jina la Kidosho. Samaki wa aina ile hali chakula cha kopo. Anakula vijikamba, wadudu wa baharini wa jamii ya kamba, wadogo kama chembe ya chumvi, ambao huzaliana kwenye matundu ya mawe yaliyomo tangini. Vikiisha, samaki anakufa njaa huku chakula kingine kikipita mbele ya mdomo wake.

Dada anampenda sana yule samaki. Alipovunjika nyonga alilala sebuleni miezi minne, na mumewe akiwa dukani hakuna aliyemsogelea ila Kidosho upande wa pili wa kioo. Aliniambia hivyo mwenyewe, siyo mara moja.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, nilifika kwa kazi yangu ya kawaida. Nilimulika kioo kwa tochi. Siku za nyuma ungeona vidoa vyeupe vinarukaruka. Siku hiyo sikuona hata kimoja. Tumbo la Kidosho lilikuwa limebonyea.

Dada alisema, "Lete chupa mbili kesho, mdogo wangu. Tuvirudishie."

Shemeji alikuwa amekaa na saa ya mteja mkononi. Alisema, "Tumerudishia mara mbili. Wiki haiishi, hamna kitu. Tunajaza maji kwenye pakacha."

"Kwa hiyo afe?"

"Sijasema afe. Nimesema tujue kwanza vinakwenda wapi."

Walibishana kama robo saa. Dirisha lilikuwa wazi. Najua jirani amewaambieni kwamba alimsikia dada akisema, "Kidosho akifa kwa ubishi wako utakiona cha mtema kuni." Ni kweli alisema, nami nilikuwepo. Mama yangu aliniambia maneno hayo hayo nilipovunja kikombe. Baada ya kuyasema dada aliingia jikoni, akarudi na chai, na kikombe cha kwanza alimpa mumewe.

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, wakataka niamue.

Niliangalia mawe. Yalikuwa yamefunikwa na wanyama laini wa rangi ya kahawia wanaofanana na vifungo vya koti. Walikuwa wameziba matundu yote, na vijikamba havikuwa na pa kuzalia. Nikasema kurudishia vingine siku ile ni kutwanga maji kwenye kinu, mawe yasafishwe kwanza. Dada hakufurahi, lakini alikubali tusubiri hadi Jumamosi.

Shemeji alinisindikiza mlangoni. Naomba afande aandike maneno haya kama nilivyoyasema. Aliniuliza, "Hivi vifungo, maji ya moto yataviua?" Nilikuwa nimeshashika pikipiki, nimechelewa kwa mteja mwingine. Nikamjibu, "Maji ya moto huua kila kitu, shemeji, hata ukiingia wewe." Tukacheka wote wawili. Nikaondoka.

Aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya kwanza kwamba vifungo vile vina sumu, usivishike bila glavu, na mawe yake usiyatie kwenye maji ya moto kwa hali yoyote, maana sumu hupanda na mvuke na mtu huivuta bila kujua. Hilo ninalijua kwa miaka kumi na mmoja. Sikumwambia shemeji. Niliona haraka yangu na mzaha wangu tu.

Mnamo tarehe 13, siku ya Jumamosi, nilifika saa tano na robo asubuhi. Nilibisha hodi mara tatu. Mlango haukuwa umekomewa, nikaingia. Dada hakuwepo, Jumamosi hushinda kwenye kiwanda chao cha kushona sare hadi saa saba. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni ladha. Kinywa kilijaa ladha ya chuma kama mtu aliyelamba sarafu. Tangi lilikuwa limebaki maji matupu. Mawe hayakuwemo.

Nilijua kabla sijafika jikoni.

Shemeji alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea kabati, miguu ameinyoosha. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anapumua kama mtu anayenywa hewa kwa mrija. Juu ya jiko sufuria mbili kubwa zilikuwa zinatokota na kuta zilikuwa zinachuruzika maji. Nilijifunga kitenge puani, nikazima jiko, nikafunika sufuria, nikafungua dirisha. Nilimshika kwapani, nikamburuta hadi uani. Ni mtu mzito, na pale kwenye kizingiti nilianguka naye.

Nilimuuliza ameanza saa ngapi. Alisema, "Saa tatu." Halafu akasema, "Yametakata?"

Nilimwambia yametakata.

Niliita watu. Jirani alileta gari. Nilipokimbilia sebuleni kuchukua kitambulisho chake ndipo nilipoona beseni jipya juu ya meza ya cherehani, kipampu cha hewa kinafanya kazi, na Kidosho ndani yake, mzima. Pembeni palikuwa na chupa mbili za vijikamba. Mimi sikuzileta. Shemeji alikwenda mwenyewe kwa mfugaji wa vijikamba, ng'ambo ya mji, asubuhi ile ile kabla ya kuanza mawe. Nimempigia mfugaji simu leo na amekiri. Kila chupa ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wa shemeji, herufi ndogo kama za kwenye saa: "Hii leo kwenye beseni." "Hii mawe yakirudi. Mama asijue mpaka aone." Mama ndivyo anavyomwita mkewe.

Tulifika hospitali saa sita kasoro kumi. Nilimweleza daktari habari ya mawe na mvuke, naye akaandika kwenye faili. Muda si mrefu na mimi nikaanza kutetemeka kwa homa, wakanilaza. Nikiwa kitandani nilimsikia kaka mkubwa wa shemeji koridoni. Alikuwa anasema ndugu yake amelishwa kitu, mke aliacha chai kwenye chupa kabla ya kutoka, na mtaa mzima unajua alimtishia. Nilitaka kunyanyuka. Muuguzi alinirudisha chini kwa mkono mmoja.

Sasa kuhusu Jumapili. Jumapili saa nne asubuhi niliruhusiwa. Nilikuwa na nguvu za kutembea. Nilikwishasikia kwamba dada amekamatwa, na faili la hospitali halina miguu ya kulileta hapa. Sikuja. Nilikaa nyumbani, mlango nimeufunga, nikijiambia daktari atawaambia, ukweli utajitokeza wenyewe. Niliogopa. Nikisema ni mvuke, mtauliza nani alimwambia ayachemshe. Dada amelala sakafu ya kituo hiki usiku mmoja zaidi kwa sababu ya woga wangu. Hilo halimo kwenye faili la daktari, ndiyo maana nalileta mimi.

Afande ameniuliza kama dada alijua habari ya kuchemsha mawe. Hakujua. Ameniuliza kama kuna jambo lolote lililonifanya nimshuku. Hakuna. Chai ile ipimwe, na mimi niko tayari kuinywa mbele yenu.

Nimesomewa maelezo haya neno kwa neno. Ni yangu, nimeyatoa kwa hiari, na pale yanaponigusa mimi nisipunguziwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA OFISA MWANDISHI
Nimemwonya shahidi kwamba maelezo haya yanaweza kutumika dhidi yake. Amesema anafahamu. Daktari amethibitisha kwa simu saa 8:55 kwamba dalili zinalingana na mvuke wenye sumu, na kwamba mgonjwa ametolewa mpira wa kupumulia leo asubuhi. Sufuria zitachukuliwa na wataalamu. Mkuu wa kituo ameagiza mke aachiliwe.

Shahidi aliomba amweleze mke yeye mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Aliruhusiwa, nikiwepo, saa 9:40 alasiri. Alimweleza yote, pamoja na jibu alilolitoa mlangoni na habari ya Jumapili. Mke alisikiliza akiwa amesimama, viatu mkononi. Aliuliza kama mumewe anaweza kusema. Shahidi alijibu kwamba, kwa habari alizopata hospitalini, anasema, ila kwa shida.

Mke alivaa viatu. Alisema, "Hasira nitakuwa nayo, mdogo wangu, na utaipokea yote. Lakini siyo leo. Sasa nipeleke kwake."

Wameondoka kwa pikipiki ya shahidi saa 9:52.

Sahihi ya ofisa: (ametia)