Viungo Visivyo vya Pilau

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Bombambili tu wazima. Babu yako yuko Madaba anavuna mahindi.

Uliposema mtandao hupima tovuti yako kwa viungo, nilidhani vya pilau. Kumbe ni tovuti nyingine kukuelekezea watu.

Hilo nalijua. Biashara huria ilipoingia, mafundi cherehani walijaa sokoni, nami nikitafuta wa kushona gauni la komunyo ya kwanza ya mama yako. Wawili walisifiana kutwa nzima, kumbe mashemeji. Nikamuuliza mkunga, aliyeaminiwa na mji mzima.

“Nenda kwa Saidi wa uchochoroni,” akasema, basi.

Gauni alilolishona hata wewe ulilivaa.

Sasa niambie, wanaokuelekezea watu ni mashemeji au mkunga?

Bibi yako