Mama Alibonyeza Nne

Kaka yangu Kakule,

Mama amefika. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza hata homa ilipokuwa imekumaliza sauti: "Kavira, watu wa Beni bamefika? Mama hayiko?" Nilikuwa nakujibu "bado", nawe unageukia ukutani. Sasa amefika, kaka, na wewe ndiye haupo.

Juzi nilipanguza ile kompyuta yako pale parokiani. Bado iko kwenye meza ileile, karibu na dirisha, na jenereta bado inakohoa uani kama mzee asubuhi za baridi za Butembo. Nilicheka peke yangu nikikumbuka jinsi ulivyoanza. Uliandika programu ili watu waliokimbia vita wakajaa parokiani wapate kutafutana: mtu abonyeze herufi ya kwanza ya jina la ndugu yake. Ukaijaribu kwa K, na kioo kikajaa mpaka chini. Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, halafu akina Kavira na Kahindo, karibu parokia nzima. Ukashika kichwa: "Mais siye Banande tunahesabia batoto tu, hatubapatiye majina!"

Ndipo ukaweka namba kwa vijana wa kiume. Mbili kwa Kambale, maana ndiye mtoto wa pili, tatu kwa Kasereka, nne kwa Kakule kama wewe. Hata mama asiyejua kusoma anajua mwanawe alizaliwa wa ngapi. Yeye angebonyeza, mimi ningemsomea majina na mahali wanapolala. Ulitembea kifua mbele siku hiyo, usibishe.

Halafu akaja yule bibi wa kutoka njia ya Alimbongo. Mimi nilikuwa jikoni, wewe ulikuwa uani na jenereta yako. Wanawake waliokuwa hapo wakamwambia abonyeze namba ya mwanawe. Akabonyeza tatu, akangoja. Ile tatu ikakaa pale kwenye kioo cheusi, maana mashine ilikuwa inangoja abonyeze pia ile touche kubwa ya Entrée, kibonye cha kuthibitisha, na hakuna aliyemwambia. Bibi akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Donc Kasereka wangu hayiko," akatoka. Aliondoka hivyohivyo, bila kulia.

Ulipoambiwa ulitupa bidoni ya mafuta chini ukamfuata mbio kuelekea Mususa. Sitasahau mlivyorudi, wewe umemshika mkono, matope mpaka magotini. Kasereka wake alikuwa amelala kwenye ukumbi, nyuma ya ukuta wa chumba hichohicho cha kompyuta.

Tangu hapo hukula vizuri. Ulisema mashine inayomngojesha mama haina adabu, mutu akigusa lazima aitikiwe. Ukapekua ile kopi ya kitabu cha Kifaransa cha kompyuta, iliyoungwa kwa uzi, mpaka ukapata kwamba kuna amri ya kusoma mstari mzima, ambayo inangoja Entrée, na kuna nyingine inayochukua kibonye kimoja tu papo hapo. Ni neno moja tu ulilobadilisha, ukanipigia kelele nije nione. Nikabonyeza mbili, na akina Kambale wote wakatokea kabla sijainua kidole.

Na bado hukumaliza. Mikono ya jembe haigusi kibonye, inakikandamiza. Mama mmoja alikandamiza tano, ikajirudia yenyewe, kurasa zikapita mbio kama mbuzi waliofunguliwa. Ukaifundisha mashine ichukue mguso wa kwanza na kumeza mingine yote, kisha ukasema hiyo ni kwa ajili ya Mama, maana unamjua mkono wake.

Mama alikuja akiwa na watu wa Beni waliopita njia za mashamba. Sikujua. Nilikuwa jikoni tena, nikasikia sauti yake, nikaangusha mwiko. Nilipoingia alikuwa amekwisha kubonyeza nne, amekandamiza kama ulivyosema, na akina Kakule wamekwisha kujipanga kwenye kioo. Alinikumbatia, akanusa kichwa changu, kisha akanikalisha kwenye kiti chako. "Unisomeye. Kakule wetu analala wapi?"

Wewe uliandika watu wote, hukujiandika mwenyewe. Mwenyeji hajiandiki kati ya wageni. Nilijua hutakuwemo, lakini mdomo ulikataa kusema, basi nikasoma. Nilisoma kila Kakule, wa kijiji gani, analala wapi, polepole, na waliokuwa kwenye foleni hawakunung'unika. Mama alisikiliza mpaka wa mwisho. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akasema kwa upole, "Inatosha, mutoto wangu. Twende unionyeshe kaburi."

Nilimpeleka. Alikung'olea majani yote kwa mkono, akakataa nimsaidie.

Sasa anakaa nami, na analala kitandani kwako. Nakuahidi hatarudi Beni peke yake, na kila asubuhi mashine yako itawashwa, mimi nikiwa kwenye kiti, si jikoni. Pumzika, kaka. Usigeukie ukutani tena.

Dada yako,
Kavira