Balbu ya Tochi Kisimani

Jumamosi, 15 Juni 1974

Likizo. Niko Zombo kwa wakwe. Leo nimeharibu balbu nyingine ya tochi. Kazi yenyewe ni kupasua kioo bila kukata waya wa ndani, mwembamba kuliko unywele. Timotheo anauliza kwa nini mke wake mwalimu ananunua balbu nzima ili azivunje. Nimemwambia ni sayansi. Ameenda kulala.

Jumanne, 18 Juni

Imekubali! Balbu moja wazi, moja nzima, betri, na galvanomita, kipima umeme chenye sindano, niliyoazima shuleni Kilosa. Nikamwaga siki kwenye magadi, povu likapanda, nikainamishia waya ile hewa nzito. Hewa mbaya haipozi waya kama hewa safi. Waya ukazidi moto, sindano ikatoka katikati, ikalala kulia. Nimerukaruka jikoni kama mtoto. Mama mkwe akauliza kama siki imeisha. Imeisha.

Mwaka jana Makarius, mchimbaji wa hapa, alishuka kisimani, taa ya chemli iliyotangulizwa kupima hewa ikiwaka vizuri tu. Walimvuta kwa kamba, amekwisha kufa. Ndiyo maana ya balbu zote hizi.

Jumapili, 30 Juni

Jaribio kwenye kisima kipya cha kijiji. Mchimbaji ni baba mkwe, mzee Cleopa. Nikashusha balbu — sindano kulia, mpaka mwisho! Nikapiga kelele. Watu mbio. Mwenyekiti Mwinshehe akaacha kiatu kimoja. Kumbe nyaya nilizifunga kinyume, na ulikuwa upepo tu uliopoza waya.

Sasa inaitwa redio ya Raheli. Haiimbi, inafukuza watu. Nimeona aibu, ugali nimelia jikoni peke yangu.

Alhamisi, 4 Julai

Naandika hapa hapa, nimekaa kwenye mbao za mdomo wa kisima.

Kisima kilikuwa kimefunikwa tangu Jumatatu, wote tulikuwa shamba la ujamaa. Mwenyekiti anataka maji kabla ya Saba Saba, wageni wanakuja. Leo wamefunua, wakashusha chemli. Inawaka. Nikashusha balbu. Kulia. Nyaya nimezikagua, na tena. Kulia.

Mwenyekiti akasema taa haijasoma shule lakini haijawahi kumkimbiza mtu bure. Watu wakacheka. Baba mkwe akavua shati, akajifunga kamba.

Nikampigia magoti. Shikamoo, Baba. Marahaba. Nikamwomba asishuke. Akasema, bila kunitazama, kwamba amechimba visima kabla sijazaliwa. Kumbishia mkwe siwezi. Timotheo alikuwa anatazama miguu yake.

Basi nikaketi mdomoni. Mkwe hamgusi mkwe, wala hamruki. Kupita hawezi. Nimekosa adabu kwa njia ya adabu.

Mwenyekiti anamwambia Timotheo amwondoe mkewe. Timotheo anasema anatafuta viatu. Amevivaa.

Baba amekaa upande wa pili, kanipa mgongo, kamba bado kiunoni. Jua limepanda. Mama mkwe ameniletea uji, akarudi mlangoni kwake.

Naogopa. Nikikosea mara ya pili, sitakaa tena kijiji hiki. Nikipatia, hakuna atakayejua, maana hakuna atakayekufa.

Sindano imeanza kurudi katikati. Polepole. Labda hewa inasafika. Labda betri zinakwisha, na nyingine sina.

Baba ameuliza, akiwa ameangalia mlimani: redio inasemaje?

Nimefunika galvanomita kwa kanga. Nimemwambia bado, Baba.