Trekta la Kuingia Msituni Mwako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini ulimi wangu haujui kuanza na neno jengine mbele yako.

Nakuandikia jikoni. Mama yuko barazani anachambua ndimu za kukausha, na nje, chini ya turubai, kuna kitu ambacho ungekizunguka kwanza, ukainama, ukachungulia uvunguni, ndipo ukakigusa. Ni trekta. Dogo, la rangi ya machungwa. Na mimi Zuwena, uliyekuwa ukiniita Bi Kwanini tangu sijajua kufunga viatu, ndimi niliyelichagua. Tulia nikueleze tangu mwanzo, maana wewe hukuwa mtu wa kuridhika na nusu ya habari.

Tangu uondoke, shamba lilitushinda. Karimu, aliyekuwa akilima pamoja nawe, alirudi kwao Bangladesh kumuuguza mkewe, na hatukupata mwengine wa kukaa. Majani yakapanda mpaka magotini, makuti makavu yakalala chini kama mikeka iliyosahauliwa juani, na kila zamu yetu ya maji ya mtaro wa falaji ilipofika, maji yalikuwa yanazungukazunguka kwenye magugu yasifike kwenye mitende. Kaka Nassor akatoka kazini kwake serikalini, akavua dishidasha, kanzu yake ya kazini, akashika jembe. Siku ya pili mgongo ukamlaza. Unamjua mwanao, akiumwa lazima amtafute wa kumlaumu, na safari hii alikulaumu wewe. Akasema, "Wallahi, Zuwena, hii ghaba itatuzika sote."

Ghaba! Jina lile lile majirani walilolipa shamba lako. Msitu wa Mzinjibari. Watu wa hapa Ibra wanapanda mitende kwa safu, kila mmoja na nafasi yake, na wewe ulipokuja kutoka Unguja ukapanda kama mtu anayengojea mvua ya masika: mtende, hapo hapo mpera, pembeni mdimu, migomba kwenye kila tone la maji, na katikati ule mzambarau ambao kila mtu alikwambia hautashika. Umeshika, Baba. Umeshika mpaka umetuletea ugomvi.

Kwa sababu Kaka aliamua kununua trekta. Katika hilo alikuwa na haki, nami nilimwambia. Lakini alilotaka yeye ni kama lile la binamu yetu Said kule Mudhaibi, trekta la kulimia mashamba ya majani ya ng'ombe, ambalo tairi lake la nyuma linanifika begani. Ili hilo liingie kwetu, lazima ikatwe safu nzima ya mitende ya mabsli, zile tende za kuchemsha, na mzambarau uondoke. Nikatoka asubuhi moja nikakuta tayari ameipiga miti alama ya rangi nyekundu. Nilisimama mbele ya mzambarau wako nikalia, Baba. Sikulia siku ile tuliyokuzika vile nilivyolia mbele ya alama ile.

Kaka si mbaya. Aliponiona akasema, "Tafuta wewe basi. Ukipata trekta linaloingia bila ya kukata, mimi sina neno. Baridi ikimalizika hujapata, nawaita wakataji." Na mimi unanijua. Mtu akiniambia tafuta, amenipa ruhusa ya kutolala.

Basi nikaanza kuyachunguza matrekta. Mtu wa maabara ya hospitali, kazi yangu kutwa ni damu za watu kwenye vichupa, leo nasoma mambo ya girboksi. Na Baba, ni mambo matamu! Nilidhani trekta ni trekta, kama mtu adhaniavyo tende ni tende mpaka akae huku Sharqiyah. Kumbe lipo la upana huu na la upana ule. Lipo lenye upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kumkinga dereva likipinduka, na upinde huo kwa mengine unakunjwa, kwa mengine haukunjiki, na kwenye shamba la makuti ya kuning'inia ule usiokunjika hauendi popote. Nguvu yake wanaihesabu kwa farasi. Farasi ishirini, farasi thelathini, farasi sabini. Nikakusikia kabisa ukiuliza, "Na wote hao wanakula nini?"

Nikaenda Nizwa, kwenye duka kubwa la mashine. Muuzaji alikuwa kijana wa heshima, kofia yake imepigwa pasi, akaniletea kahawa na tende kabla ya kunionesha hata tairi. Akaniuliza, "Shamba lako ukubwa gani, yaa ukhti, dada yangu?" Nami nikajibu bila ya kufikiri, kama wewe ungejibu, kama Mama angejibu, kama mtu yeyote mwenye bustani kwenye falaji angejibu: nikamtajia athar zetu, vile vipimo vya maji ya falaji. Nikamwambia kila zamu tunapata nusu saa kadhaa za maji, na kwamba ni nyingi kuliko za jirani yeyote wa upande wetu.

Kijana akatabasamu. Akasema, "Mama'ngu na yeye hunijibu hivyo hivyo. Lakini trekta halinywi falaji. Nataka ardhi."

Nikatoa macho. Ardhi? Baba, miaka yote ile tumekula kwenye shamba lile, tumecheza, tumegombana, na hakuna hata mmoja wetu anayejua ukubwa wa ardhi yake. Maji tunayajua mpaka dakika. Nikampigia simu Kaka hapo hapo dukani, akasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Fedani nne. Tano labda. Maji yote yale!" Muuzaji akaandika nne, maana fedani ni kama ekari, akanipeleka moja kwa moja kwenye matrekta makubwa, ndugu za lile la Said. Nikashukuru kwa kahawa, nikarudi zangu Ibra nimenyong'onyea.

Lakini njiani lile neno "labda" la Kaka likawa linaniwasha. Nilipofika nikanunua kamba ya kupimia, ile ndefu ya mafundi wa ujenzi, nikamkalisha Mama kwenye kiti penye kona ya ukuta na kumkabidhi ncha moja. Akaishika kwa mikono miwili huku anavuta uradi. Kila nikivuta ananiuliza, "Umefika?" na kila nikifika nasema, "Nimefika, Mama," na nilikuwa nafika upesi mno. Tulipima urefu, tukapima upana, tukarudia, kwa sababu sikuamini.

Shamba lako halifiki hata fedani moja na nusu.

Nilikaa chini kwenye ukingo wa mtaro. Nikamwambia Mama, hivi inakuwaje? Hamed jirani ana nusu ya maji yetu na bustani yake ni mara mbili ya hii. Mama akacheka mpaka ncha ya kamba ikamponyoka. Akaniambia: "Baba yako alipofika hapa hakuamini kuwa mti unaweza kuishi bila ya mvua. Wenziwe wakisikia ardhi inauzwa wanakimbia kununua ardhi. Yeye akisikia mnada wa maji, mbio. Nilimwambia, Bwana, utayaweka wapi maji yote haya? Akasema, tutayapandia tu."

Tutayapandia tu! Kwa hivyo ndiyo maana ya msitu. Hukupanda ovyo, kama Kaka alivyokuwa akisema. Ulikuwa na maji mengi na mahali padogo, na ukaona haramu tone lipotee, ukaweka mti kila lilipofika tone. Na sisi tukayaona maji tukadhani ni ardhi, tukakua tunaamini tuna shamba kubwa linalohitaji mashine kubwa. Mbona hukutwambia? Au hata wewe hukujua? Hilo linanikera mpaka leo, kwamba sina wa kumuuliza.

Basi ukubwa umejulikana: trekta dogo linatosha, na kubaki. Lakini Kaka akaja na hoja ya pili, na hoja yake ilikuwa na maana. Akasema dogo au kubwa, litapita wapi? Miti imesongamana. Dogo kabisa, lile la upana wa mlango, halina nguvu ya kuvuta tela lililojaa mabsli wakati wa kuzichemsha, na mashine yake ya kutifulia ardhi itarukaruka juu ya mizizi kama mbuzi. La nguvu ya kutosha, la farasi ishirini na tano hivi, lina upana wake. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, akanyoosha mkono. "Nioneshe njia, Zuwena. Njia iko wapi?"

Nikatazama. Na ndipo nikakuona ukitoka.

Sisi wanawake tulibaki mlangoni siku ile ya maziko yako. Msikiti uko upande wa pili wa shamba, na wanaume badala ya kukuzungusha barabarani wakakata humo humo, chini ya miti yako. Jeneza likiwa mabegani, mmoja kulia, mmoja kushoto, na nyuma yao vivyo hivyo. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema moyoni, makuti yatakuchoma, miba itamkwaruza mtu, mtapiga kona vipi. Mkapita. Mkapita moja kwa moja kana kwamba kuna mtu amekufungulieni. Na Mama akasema, "Tazameni, hata kuti halikumgusa."

Nilikuwa nimelisahau neno lile. Nikamwita Kaka, nikampa ncha ya kamba, nikamwambia asimame pale aliposimama yeye siku ile. Maana yeye alikuwa mbele, bega la kulia. Akaelewa kabla sijamaliza. Akaenda mwenyewe, akasimama, mgongo ukamnyooka, na mimi nikasimama upande wa pili mahali pa Said, aliyekuwa bega la kushoto. Tukapima kati yetu upana wa jeneza na mabega mawili. Tukapima hapo, tukapima mbele, tukapima penye mzambarau, tukapima mpaka ukuta wa msikiti. Njia nzima upana ni ule ule, Baba. Inapinda pinda, ndiyo maana ukiwa mlangoni huioni, lakini haibanwi popote. Kwengine kote umesongamanisha miti kama watu kwenye karamu, na hapo tu umeacha.

Nikamuuliza Mama. Hakuona ajabu yoyote. Alisema ulikuwa ukimsimamisha punda wako wa mizigo, makapu yake mawili yamejaa, ndipo unachimba shimo la mti pembeni yake, kwa sababu punda akikwaruzwa alikuwa anakaa chini na kukataa kuondoka.

Kaka alikaa kwenye ukingo wa mtaro akafunika uso kwa masari, kilemba chake. Lakini kesho yake ni yeye aliyewasha gari twende Nizwa, na yule kijana muuzaji akashangaa kuniona nimekuja na kipimo cha upana nimekiandika kiganjani. Hakuuliza tena fedani. Tulipima matrekta yake moja moja huku wateja wengine wanatutazama. La farasi ishirini na tano, matairi membamba, upinde unaokunjwa, linapita na kubakisha nafasi ya ngumi kila upande. Nikauliza linageuka mahali padogo kiasi gani, kwa ajili ya ile kona ya mipera. Nikauliza uzito wake, kwa ajili ya mtaro, maana ukivunjika maji ya watu wote yanamwagika na aibu ni yetu. Kijana akasema tuweke bamba la chuma pale pa kuvukia. Kaka akaninong'oneza, "Bi Kwanini, mwache apumue."

Limefika jana. Kwa kuwa mgongo wa Kaka si wa kuaminika, aliyepanda kitini ni mimi. Nilifunga mtandio vizuri, nikasoma bismillahi, nikaingia. Mama barazani, Kaka ananitangulia kinyumenyume akinyoosha mikono kama anaegesha ndege. Nilipopita chini ya mzambarau kivuli kikanipita usoni, baridi, na nikajikuta nasema "Baba" kwa sauti, juu ya kelele zile zote. Nikafika mpaka ukutani mwa msikiti. Nikazima. Nikatazama nyuma.

Hata kuti halikunigusa.

Alama nyekundu bado ipo kwenye mzambarau. Kaka alitaka kuikwangua, nikamkataza asije akauchuna mti. Jua litaila lenyewe.

Sasa nakuaga, maana Mama ananiita, zamu yetu ya maji imefika na leo nataka kuona yanavyokwenda kwenye udongo nilioutifua asubuhi. Allah akulaze pema, akupe kivuli kama ulivyotupa. Maswali yangu mengine nimeyaweka, tutakutana.

Na ahadi yangu ni hii. Nitapanda, Baba, kwa sababu maji bado ni mengi na mimi ni mwanao. Lakini kila nitakapochimba shimo nitaleta trekta kwanza nilisimamishe pale, kama wewe na punda wako. Njia haitazibwa. Alipita punda, ukapita wewe, sasa napita mimi na kelele zangu, na siku yangu ikifika, nimeshamwambia Kaka, wanipitishe humo humo.

Mwanao,
Zuwena