Vistari Kumi na Viwili Kwenye Kadi ya Njano

Jumatano, asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nipe hali ya goti lako: limetulia, au bado linakusumbua ukikanyaga cherehani? Na baba watoto hajambo? Na watoto, na yule paka wenu mwizi wa vitambaa? Sisi huku ni wazima, mimi na shemeji yako. Tunakula, tunalala, tunaamka, na kama afya ndiyo ingekuwa habari yote, barua hii ningeifunga hapa hapa.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa. Simu nimeiogopa, dada. Ukisikia sauti yangu tu utaniuliza nina nini kabla sijamaliza kukuamkia, na mimi nitalia, basi. Kwa hiyo nimekaa mezani, shemeji yako amekwenda kazini, chai yangu imepoa na sijainywa.

Nianze na furaha, maana ipo, na ni nyingi kuliko nilivyowahi kuomba. Hii ni wiki ya kumi na moja tangu uliponivalisha lile gauni uliloshona kwa mikono yako. Kila asubuhi shemeji yako huniaga mlangoni, huenda mpaka getini, kisha hurudi mbio akisema amesahau kalamu. Kalamu iko mfukoni mwa shati. Naiona, na yeye anajua kwamba naiona. Anarudi kunitazama tena, hana lingine. Siku ya kwanza nilihangaika nayo mpaka nikaingia chini ya kitanda. Siku hizi nasimama pale pale mlangoni, nangoja isahauliwe. Nikifua mashati yake naimba, hadi jirani wa ukuta wa pili akauliza kama tumenunua redio.

Kazi yake nadhani sikukueleza vizuri siku zile za harusi. Ni mhariri msaidizi wa jarida la taasisi yao, jarida la wataalamu wa ardhi. Humo wanaandika habari za madini, za udongo wa mashamba, za matetemeko, za maji yaliyo chini ya ardhi, na za maporomoko ya vilima. Maporomoko ndiyo yake. Ofisini wanamwita Bwana Nyufa, kwa sababu akiona ufa, hata wa ukuta wa choo, lazima aupime. Wenzangu wakati wa uchumba waliandikiwa mashairi. Mimi nilisomewa makala yake ya kwanza: namna ya kupigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa wa kilima, kufunga uzi katikati, na kurudi kila wiki kuangalia kama uzi umekaza. Nililia, dada. Usicheke.

Sasa, miezi miwili iliyopita mkuu wa taasisi alitoa agizo. Ni mzee mmoja anayetembea na rula mfukoni, kwa hiyo wanamwita Mzee Rula, ila si mbele yake. Alisema jarida limetimiza miaka ishirini na kurasa zinapunguzwa, hivyo anataka kujua mambo mawili: limeandika zaidi kuhusu nini, na huko nje nani anayatumia hayo yaliyoandikwa. Mada tano zitabaki nne. Itakayoonekana haina watu itatolewa, na kamati inakaa Ijumaa hii kuamua.

Nilimuuliza shemeji yako mtu anajuaje kama maneno yake yametumiwa na watu asiowajua. Akanieleza kwamba mtaalamu akiandika, mwisho kabisa hupanga orodha ya kazi za wenzake alizozitegemea. Ukiwamo katika orodha hiyo, umetajwa, na kutajwa huko ndiko wanakohesabu. Nikaona ni kitu kizuri sana, kama kumsalimia mtu aliyekufundisha njia. Nikamwomba nimsaidie. Mimi, wa kidato cha nne, niliyemaliza kwa kubahatisha hesabu. Akakubali bila hata kufikiri.

Basi ikawa kila jioni kabla ya chakula tunatandaza kadi mezani. Kila makala na kadi yake, kila mada na rangi yake: maji buluu, maporomoko njano, na kadhalika. Kadi mia tatu na themanini. Yeye anasoma zile orodha za majarida mengine, mimi napiga kistari cha penseli kwenye kadi ya aliyetajwa, na pembeni naandika jina la aliyemtaja. Magoti yetu yalikuwa yanagusana chini ya meza. Sijui kama kuna mke aliyewahi kuyapenda matetemeko kama mimi.

Kulikuwa na sharti moja. Mtu akijitaja mwenyewe, kutajwa huko hakuhesabiwi. Shemeji yako alisema mwamba ngoma huvutia kwake, na kama kila mmoja angehesabiwa anavyojitaja, wote wangekuwa mabingwa. Kwa hiyo tulipomaliza kukusanya, ilibidi kupitia kadi moja moja na kufuta vistari ambavyo mtu alijipigia. Kazi hiyo aliniachia mimi peke yangu, kwa makusudi. Alisema yeye ni mwandishi humo, na si haki mtu ajipimie mwenyewe. Mimi sina makala, nina macho na kifutio. Nikavimba kichwa wiki nzima. Kadi ya Mzee Rula, mtu wa madini, ilikuwa na vistari kumi na vinne, nikafuta tisa. Nilipomwambia shemeji yako kwamba mzee amevuta ngoma mpaka ngozi imechanika, alicheka hadi akakohoa.

Jumapili tukajumlisha. Njano ilipata sitini na moja. Buluu, ile ya maji, ilipata hamsini na mbili, ikawa ya mwisho. Na katika kadi zote za njano hakuna iliyoifikia ile makala ya vigingi na uzi, ya shemeji yako mwenyewe, yenye vistari kumi na viwili. Alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanizungusha jikoni mpaka kiti kikaanguka. Mzee Rula ameshaambiwa, naye ameagiza kwamba Ijumaa shemeji yako asimame mbele ya kamati aieleze makala hiyo. Sasa anafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, kitana ndicho fimbo yake ya kuonyeshea.

Jumapili hiyo hiyo alikuja Mama Visima. Unamkumbuka, yule mama mtu mzima aliyetuzawadia godoro siku ya harusi akasema ndoa haijengwi kwenye mkeka. Ameandika habari za maji ya chini tangu jarida lilipoanza. Hakuna aliyemwambia matokeo, lakini alitazama mafungu ya kadi mezani na akaelewa. Akasema haidhuru, maji yake yamezoea kukaa chini. Tulicheka. Kisha akaomba kadi za buluu, akazipitia polepole, akiwa amelowanisha kidole, na aliporudisha alinishika mkono. Akaniambia umefanya vizuri, mwanangu, umehesabu kwa haki, na aliyepimwa kwa haki hanuni.

Tangu siku ile kadi za njano siwezi kuzitazama, dada.

Nakuambia wewe kwa sababu ndiye uliyenilea, na kwa sababu kosa hili nimelifanya mara moja zamani ukaliona. Unamkumbuka yule mteja mnene niliyempenda, nikamsomea kipimo cha kiuno pungufu ili afurahi? Akaondoka anatabasamu. Gauni lilipochanika mbele za watu alikuja kukulilia wewe. Uliniambia ukimpenda mtu, mpime sawasawa. Nilidhani nimesikia.

Ile kadi ya njano sikuifuta. Vistari kumi na viwili, na pembeni mwa kumi na kimoja nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu jina la mume wangu. Amejitaja mwenyewe, kila alipoandika kitu kipya, kama baba anayemtaja mwanawe kila mahali. Nilikuwa na kifutio mkononi. Nilifuta cha kwanza, nikaona peupe pale, nikakirudisha. Nikajiambia hivi ni vya haki, vinatoka kwenye vitabu, sijabuni hata kimoja. Kisha nikafuta yale majina, nikaviacha vistari. Yeye alidhani vyake nimeshavifuta, na hivyo ndivyo vilivyobaki. Ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi niliita kumi na viwili. Bila hivyo kumi na kimoja njano ina hamsini, na anayetoka ni yeye, si Mama Visima.

Na mtu yeyote wa kamati akifungua zile orodha atajua. Hatadhani ni mimi. Watasema Bwana Nyufa amejipimia. Atakuwa amesimama mbele yao na lile shati la harusi, ameshaniambia nilipige pasi.

Jana nilimpelekea mwavuli kazini, nikapitia maktaba yao. Nilitaka kujua yule mmoja aliyemtaja, asiye yeye mwenyewe, ni nani. Mkutubi akanitania kwamba mimi ndiye niliyemfanya Bwana Nyufa aanze kuchana nywele, lakini alinitafutia. Ni taarifa fupi ya mwalimu mmoja wa jiografia, wa mbali sana. Shule yao iko chini ya kilima. Anaandika kwamba walisoma makala ile, wakapigilia vigingi, wakafunga uzi, na wiki ya tano uzi ukakatika. Wakahamisha madarasa mawili. Mvua ziliposhuka, udongo uliingia madarasani ukafika madirishani, na ndani hamkuwa na mtu. Nilisoma nimesimama, mwavuli chini ya kwapa, nikasahau kuuacha.

Nasikia geti. Amerudi mapema kwa chakula cha mchana. Naificha barua hii kwanza.

Mchana, siku hiyo hiyo

Nimemwambia, dada.

Sikupanga. Alikuwa anavua viatu, kimoja mguuni, kimoja mkononi, akinieleza kwamba Mzee Rula ameahidi kuleta wageni Ijumaa, nikajikuta nimesema. Nilisema yote kwa pumzi moja, na kifutio, na majina, na Mama Visima. Aliomba niilete kadi. Akavipitia vistari kwa ukucha wa kidole gumba, kimoja kimoja, na pale nilipofuta majina karatasi imefanya manyoya, akapapasa na pale. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nilitaka wamuone ninavyomuona mimi. Hakufoka. Heri angefoka. Alisema watu wengi aliowakuta chini ya vilima waliuona ufa mapema, wakaupaka chokaa kwa sababu waliipenda nyumba.

Alikuwa bado na kiatu kile kile mkononi. Baadaye akauliza huyo mmoja ni nani. Nikamweleza habari ya mwalimu, ya uzi, ya wiki ya tano. Akauliza madarasa mangapi. Nikasema mawili. Akauliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri, na mimi nikasema tena mawili, na ndani hamkuwa na mtu.

Alitoa kalamu yake nyekundu, ile ya uhariri, akavikata vile kumi na kimoja mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba sasa njano ndiyo ya mwisho. Akasema hesabu ya kutoa anaijua. Akasema hangoji Ijumaa. Anakwenda kwa Mzee Rula sasa hivi, ila atapita kwanza ofisini kwa Mama Visima, maana ndiye aliyeibiwa. Nikasema nitakwenda naye, mimi ndiye mwenye kosa. Akasema yangu nitayasema mwenyewe kwa Mama Visima kesho, leo ni zamu yake. Akavaa kiatu, akatia kadi mfukoni, akatoka. Chakula hakukigusa.

Hakuniaga, dada. Nilisimama mlangoni kama kawaida, mikono sijui niiweke wapi. Alikwenda mpaka getini bila kugeuka, akafungua, akatoka, geti likajipiga nyuma yake. Nikasikia viatu vyake vinakwenda, vinakwenda, mpaka sikuvisikia tena. Nikafikiri, basi, ndiyo hivi inavyokuwa. Wiki kumi na moja.

Halafu geti likalia.

Alisimama mbali kidogo, macho yapo kwenye maua ya jirani, si kwangu. Hakutabasamu. Akasema amesahau kalamu.

Ilikuwa mfukoni, mbele ya ile kadi ya njano. Nikamwambia nitaitafuta.

Ijumaa sijui italeta nini. Huenda njano ikatoka, na yeye akabaki kuhariri madini ya Mzee Rula maisha yake yote. Sijui pia Mama Visima atanitazamaje kesho. Niombee. Ukipata barua hii usinipigie kwanza. Nitakupigia mimi, kwa sauti yoyote nitakayokuwa nayo.

Ukanyage cherehani polepole, goti zima ni moja. Wabusu watoto, msalimie baba yao, na umwambie lile shati la harusi la shemeji yako, alilosema linabana, halibani. Nimelipiga pasi hata hivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba