Kengele Yangu, Ukuta Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kwanza, maana najua wanaokuandikia wana mambo mazito ya ndoa na mirathi na mimi tatizo langu ni mchezo wa watoto, lakini mchezo huu umenigombanisha na mtu ninayempenda kuliko ndugu wengi niliozaliwa nao, na tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nafundisha Kiingereza kwa watoto ambao wengine bado wanavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na nafundisha katika shule ileile niliyosoma, chumba kilekile, kile cha mwisho karibu na tangi la maji, chenye dirisha ambalo halijawahi kufungika mpaka leo. Chumba kile nakipenda, sitaki kukudanganya. Nikiingia asubuhi kabla ya watoto, nikasikia harufu ya chaki na sakafu iliyomwagiwa maji, narudi mtoto kabisa, nusura nivue viatu. Humo ndimo alimotufundisha marehemu mwalimu wetu, mama mmoja mnene mwenye bashasha tuliyemwita Bi Kengele, na yeye ndiye aliyenifanya nitamani ualimu, kwa mchezo wake mmoja tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kipindi cha mwisho madawati yanasukumwa pembeni, tunasimama duara, mpira wa vitambaa unapita mkono kwa mkono, Bi Kengele anapiga meza kwa rula, ta-ta-ta-ta, halafu ghafla ananyamaza, na aliyekutwa na mpira anaonyeshwa kitu kutoka kwenye kapu lake, kijiko, kitana, kikombe, ufunguo, akitaje jina kwa Kiingereza. Ukipatia unabaki. Ukikosea, darasa zima linapaza sauti, "Ukutani!" na unakwenda kukaa chini ukutani mpaka mchezo uishe. Anayebaki wa mwisho anapewa kengele ya mkono, ile ya shaba, anatoka nayo uani kuipiga, shule nzima inaenda nyumbani. Wee! Uzito wa kengele ile mkononi naukumbuka mpaka leo. Niliipiga mara nyingi hadi wakubwa wa madarasa ya juu wakanijua. Nyumbani nikawa naokota kila kitu jikoni nakitaja, "spoon", "cup", "knife", mama ananiambia hebu lete hicho kisu nikate kitunguu, acha kukihubiria.

Sasa katika darasa lile nilikuwa na rafiki yangu, dawati moja, kwenda pamoja kurudi pamoja, watu wakatuita mapacha japo hatufanani hata kidogo, mimi mlingoti yeye mfupi, basi na sisi wenyewe tukaitana Pacha mpaka leo hii tunapoanza kufichana mvi. Pacha ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la madaftari, na sare za nusu ya watoto wangu amezishona yeye. Nguo yangu ya harusi kaishona yeye. Nilipofiwa na mama, alifunga kibanda akahamia kwangu, akanipikia na kunilisha mpaka nikaweza kusimama. Mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo mwaka huu niliposhushwa kutoka madarasa ya juu nikapewa la kwanza, na chumba cha Bi Kengele juu yake, nilikwenda kwa Pacha mbio mbio. "Pacha, nishonee mpira kama ule wa Bi Kengele!" Akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Uleule?" Nikamwambia uleule, na nikamkumbatia. Akaukusanyia vipande vya sare vilivyobaki chini ya mashine, akaushona vizuri ajabu, mishono midogo midogo, akanikabidhi na kuinamia tena mashine yake. Mimi nikadhani kumbukumbu zimemzidi.

Watoto wanaupenda mchezo huo kufa. Wananivuta gauni, "Mwalimu, mpira! Mwalimu, mpira!" Kengele ya shaba ipo bado, imepasuka mdomo kidogo lakini inalia. Mwalimu mkuu alishawahi kusimama dirishani akicheka peke yake. Mimi nikipiga meza kwa rula nasikia kama Bi Kengele yuko nyuma yangu, na furaha ninayoipata pale, mshauri, hata mshahara hauniletei.

Basi kitinda mimba wa Pacha, binti, yumo darasani humo. Nyumbani ananiita mama mdogo, shuleni ananiita mwalimu, na ni mtoto mpole, wa kufikiri kwanza ndipo afungue mdomo. Mchezo ukianza, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kwenda ukutani. Sikuona ubaya, mchezo una mshindi na mshindwa, ndivyo tulivyokuzwa. Baadaye akaanza kuumwa tumbo. Siku ya mpira, tumbo. Siku ya hesabu, mzima wa afya anaruka kamba.

Alhamisi iliyopita watoto wameshaondoka, mimi naokota vijiko navirudisha kapuni, Pacha akaingia. Nikamchangamkia, "Karibu Pacha, kaa!" Hakukaa. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kuzungumza habari za mwanangu." Mwalimu! Tangu tujuane hajawahi kuniita hivyo, hata kwa utani.

"Anajiita mtoto wa ukutani," akasema. "Nyumbani. Wenzake wakimwita kucheza anawaambia nyie chezeni, mimi ni wa ukutani."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Jamani Pacha, si mchezo tu! Kwani umesahau raha tuliyokuwa nayo humu ndani?"

"Tuliyokuwa nayo nani?"

Nikaokota kijiko kingine nikakitia kapuni.

"Raha ulikuwa nayo wewe," akasema. "Mimi nilikuwa pale." Akanyoosha kidole ukuta wa nyuma, kule chini chokaa inakobanduka. "Nilikuwa naibandua kwa kucha mpaka mmalize. Ukirudi na kengele yako unanikuta nimejaa chokaa kwenye sketi, unanipangusa, unasema haya twende."

Mshauri, kumpangusa nakumbuka. Ilikotoka chokaa sikuwahi kujiuliza.

Halafu akalivuta kapu, akawa anatoa kitu kimoja kimoja anakiweka mezani. "Spoon. Comb. Key. Candle. Button." Hakukosea hata kimoja, mpaka kapu likaisha, machozi yanamtiririka lakini sauti haitetemeki. "Nilikuwa nayajua yote," akasema. "Nimeyasikia mwaka mzima nimekaa chini, ningeachaje kuyajua? Ila nikishakosea mara moja kwa woga, hakuna aliyeniuliza tena."

Akaniambia ikifika Jumatatu mchezo huo bado upo, atamhamishia mtoto shule ya ng'ambo ya barabara, na mimi nisimtafute. Akaondoka.

Tangu hapo hanipi hata salamu. Nikipita kibandani kwake nasikia mashine inakimbia zaidi. Mwalimu mwenzangu ananiambia ni wivu, eti Pacha anaona mimi nimesoma yeye ameishia kwenye uzi na sindano. Mume wangu anasema achana na mpira, wape kitabu wasome, yaishe. Lakini nikiuacha mchezo ule nitakuwa nimemzika Bi Kengele mara ya pili, na hao watoto wengine wanaoupenda nitawaambia nini? Nikiuendeleza, namkosa Pacha. Na linalonichoma zaidi ya yote ni kwamba zile siku ndizo tamu kuliko zote nilizopata duniani, nami miaka yote nilijua tulikuwa wawili. Kumbe nilikuwa peke yangu? Nifanyeje, mshauri? Nijibu kabla ya Jumatatu kama unaweza.

Ni mimi,
Mpiga Kengele

*

Mpiga Kengele mwanangu, pole. Nimekusoma mara mbili na chai yangu imepoa. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mzazi amekuja kukuambia mwanawe anajiita mtoto wa ukutani, wewe ukacheka. Hapo ulikosea kama rafiki, na kama mwalimu ulikosea zaidi. Tumbo la siku ya mpira lilikuwa linakuambia jambo wazi kabisa, ukalipita. Na huyo mwenzako anayesema ni wivu, mwambie akasahihishe madaftari. Mtu mwenye wivu hakushonei mpira. Hebu fikiri: Pacha aliujua mpira ule ni wa nini. Alikuuliza, "Uleule?" Pale ndipo ungemuuliza kwa nini anauliza, lakini ulikuwa na haraka ya kumkumbatia. Akaushona hivyohivyo, tena mishono midogo usije ukawafumukia wanao, kwa sababu wewe ndiye uliyeomba. La kwake mwenyewe alilimeza. La mwanawe limemkwama, na wewe ungekuwa mama yake lingekukwama pia.

Sasa unaniuliza uache mchezo au umkose rafiki. Nani kakuambia kuna njia hizo mbili tu? Mume wako namheshimu, lakini asikunyang'anye mpira. Watoto wadogo wanashika maneno wakiwa wamesimama, wanacheka, wana kitu mkononi, na hilo Bi Kengele alilijua kabla ya wengi. Ila jiulize: katika darasa lako, nani anahitaji zaidi kulisema lile neno? Si yule asiyelijua? Na mchezo wako unamtoa nani kwanza? Huyohuyo! Anayebaki ni yule aliyekwisha kujua kijiko, anaulizwa kijiko mpaka kengele. Unampa dawa mzima, mgonjwa umemweka nje ya mlango. Bi Kengele alikuwa mwalimu mzuri, Mungu amrehemu, lakini darasa lilikuwa limejaa na yeye alikuwa na rula moja. Mpende, umrekebishie mchezo wake. Nina hakika angekushukuru.

Kwa hiyo neno "Ukutani" lifute leo. Mtoto akikosea, darasa zima limtajie lile neno, alirudie pamoja nao, halafu yeye ndiye apewe rula apige meza na aamue wapi pa kunyamaza. Utaona anavyotamba. Kisha arudi duarani, mpira umfikie tena. Wale waoga wawekee wenzao, wawili wawili washike mpira mmoja, wanong'onezane kwanza ndipo wajibu, na huyo binti mpole wa Pacha mpe mwenzake anayecheka ovyo, si yule anayejua yote. Kengele wapokezane wote, darasa zima, mpaka wa mwisho. Mtoto asiingojee kwa kushinda, aingojee kwa zamu yake. Na kile kipande cha chokaa kilichobanduka, Jumatatu ikishapita mwombe mwalimu mkuu rangi. Akisema hakuna, nunua mkebe mdogo. Umeniambia furaha yako inazidi mshahara, basi mshahara hautakulilia.

Umeuliza kama zile siku ulikuwa peke yako. Hapo nitakujibu taratibu. Utamu wako ulikuwa wa kweli, usiutupe, na usianze sasa kujitia huzuni kwa kila ulichofurahia. Lakini angalia vizuri ulichokiandika mwenyewe. Kulikuwa na mtoto aliyetolewa mchezoni, akakaa chini akichokora ukuta, akisikia wewe ukishangiliwa. Kengele ikilia angeweza kuchukua mfuko wake akaenda zake. Hakwenda. Alikungoja uirudishe kengele, akainuka, akatembea nawe mpaka nyumbani, na kesho yake tena. Hakuwahi kukuchukia. Hiyo ni sehemu ya utoto wako ambayo ulikuwa huijui, na mimi naiona tamu kuliko kengele.

Basi usingoje Jumatatu. Nenda kibandani leo, na usibebe zawadi, atadhani unamhonga. Kaa kwenye kile kigoda cha wateja. Mashine itakimbia, iache ikimbie, uzi utaisha tu. Ikisimama, mwambie, "Pacha, sikuona. Sasa nimeona." Usiongeze "nisamehe kama nimekukosea," maana hapo hakuna kama. Usimtaje Bi Kengele, usimtaje mwalimu mkuu, usijitetee. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, rudi kesho.

Halafu mwombe aje Jumatatu kipindi cha mwisho. Asije kukaa nyuma kama mzazi. Msimamishe duarani pamoja na watoto, kando ya binti yake, wawili hao mpira mmoja, ule alioushona mwenyewe. Rula mpe mtoto mwingine. Mpira ukiwakuta, waache wanong'onezane wanavyotaka, wasiharakishwe na mtu, na wakishajibu mpira upite tena, waulizwe tena, na tena, mpaka Pacha achoke kuulizwa.

Na siku hiyo kengele ya kwenda nyumbani mpe yeye, atoke nayo uani aipige kwa nguvu zake zote. Wewe kaa chini ukutani, umngoje. Akirudi atakupangusa chokaa.