Jina Chini ya Picha

Jumanne, 1 Oktoba

Presha 171 kwa 98. Nesi wa zahanati kanipa daftari hili niandike presha na chakula. Kasema damu yenye nguvu kama yangu kaiona kwa wachache. Nikamwambia mashine ya kwanza niliipasua mpira. Haikupasuka, ila ilikaribia.

Nimekula: samoni mkavu, viazi, kahawa vikombe vinne. Chakula kimekwisha. Sasa mengine.

Wachoraji wa mjini wamekuja tena ofisini kwa kabila letu. Saba! Wanatoa kazi zao bure, zipigwe mnada tarehe 26, tupate kukinunua Kiwanja cha Mialoni kwa Pruett, mzungu anayekimiliki. Pruett katoa muda hadi mwisho wa mwezi. Ukipita, anamuuzia mkulima wa zabibu, na huyo ataing'oa mialoni yote, ile ambayo bibi zetu waliokota kokwa zake tangu mto ulipokuwa kijito. Babu wa Pruett alikipata kwa bunduki na karatasi. Sisi tukirudishe kwa picha na vipande vya jibini vya wageni wa mnada!

Nakijua kiwanja kile. Nilimkatia miti baba yake Pruett miaka kumi na mitano. Mti mmoja ulikuwa mnene, upande huu tulimaliza Jumatano, upande wa pili Ijumaa.

Mpwa wangu Raylene ndiye kaubeba mzigo wote wa mnada. Mimba ya miezi minane, anatembea kama bata, na bado anabeba meza. Akawashukuru wachoraji. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikuwa mfukoni.

Jumamosi, 5 Oktoba

Presha 168 kwa 97. Mayai, soseji (moja tu) (mbili).

Tumeshusha picha kwenye ukumbi wa zimamoto. Takataka! Kuna dubu kachongwa kwa msumeno wa mashine, ana uso wa mjomba aliyekunywa. Kuna machweo kumi na moja. Kuna mwanamume kavaa manyoya ya tai toka utosini hadi matakoni. Huku mtoni kwetu hakuna aliyewahi kuvaa hivyo. Nikamuuliza mchoraji, huyu nani? Kasema ni roho ya watu wenu. Nikamwambia roho yetu huvaa kofia ya duka la misumeno.

Hakucheka. Raylene kanivuta shati. "Mjomba, wanatusaidia."

Wanatusaidia! Nyumba ya yule bwana imejengwa mahali babu yangu alipokuwa akianika samaki. Hiyo haipigi mnada.

Picha moja imefunikwa shuka. Ya Connie Haskett, yule mama mzungu mchoraji mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa akizurura mtoni kiangazi kizima na kitabu chake. Kasema tutaiona Jumatano. Kama bibi harusi!

Jumatano, 9 Oktoba

Sikupima. Mashine ingekufa.

Connie kavuta shuka. Pichani, dada yangu, mama yake Raylene.

Kakaa, kikapu magotini, kijiti cha kufumia kakibana kwa meno kama alivyokuwa akifanya. Kidole kile kilichopinda. Kila kitu. Nilitaka iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Ndiyo maana nilikasirika mara mbili.

Halafu chini ya picha, limechongwa kwenye fremu, herufi za dhahabu, jina lake. Lote. La kwetu, lile alilopewa mtoni, si lile la shule.

Kafa Februari. Mwaka haujatimia, na kwetu kabla ya mwaka jina la marehemu halitajwi. Jina lake hatulitaji hata usingizini. Redio ikimtaja mwanamke mwenye jina linalofanana, Raylene huizima. Na Connie, kana kwamba kuliandika hakukutosha, akalisoma kwa sauti. Akatabasamu!

Mama Mdogo Idell akajifunika masikio kwa kitambaa, akatoka. Ana miaka themanini na nane, alitoka mbio. Raylene akaweka mkono tumboni. Mimi nilisema. Nilisema hadi gari la zimamoto likataka kuwaka lenyewe. Connie akawa mweupe zaidi ya weupe wake. Anarudia tu, sikujua, sikujua. Miaka thelathini anaishi hapa! Anajua saa ya mwanga mzuri juu ya mto, hajui hili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Presha 174. Ya chini sikuitazama.

Raylene kaja. Kasema vijitabu vya mnada vimekwisha kuchapwa na kutumwa, jina limo. Kasema kuna mke na mume kutoka mji mkubwa wanaitaka picha ile, na bila wao hatufiki, hata tuuze na viti vya ukumbi. Nikamwambia basi tusifike.

"Mjomba, mama alinifundisha kuokota kokwa pale. Tuliingia kwa tundu la waya, Pruett akitupigia honi. Unataka na mwanangu aingie kwa tundu?"

Kisha akauliza polepole, lakini Connie jina kalipata wapi? Vitabuni halimo.

Swali zuri. Kuna msaliti. Nikimpata namvunja miguu yote miwili na ya tatu nitamtafutia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Connie. Sikugonga mlango, niliita kwa kelele. Akatoka na aproni yenye rangi. Nikamwambia nitajie aliyekupa jina.

Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyegongwa. Akaingia, akarudi na kitabu chake cha michoro. Juni. Mimi mwenyewe, nimechorwa kando ya mto, kulabu ya kuvulia mikunga, samaki kama nyoka, mkononi, mdomo wazi. Pembeni kaandika maneno yangu. Kwamba dada yangu alifuma kikapu kikachota maji ya mto siku nzima bila kuvuja tone. Kwamba gavana alipiga magoti kukiomba. (Alikuwa msaidizi wa gavana. Hakupiga magoti.) Na jina.

"Ni wewe, Bwana Orval. Ulinitajia mara mbili. Mara ya pili ukanitajia herufi moja moja, nisikosee."

Nikamwambia muongo. Maisha yangu yote watu wananiita mimi hivyo.

Nilikuwa na bia mbili siku ile. Tatu. Mikunga ilikuwa mingi, mama wa watu anasikiliza, anaandika kila neno, hakuna mtu anayeandika ninachosema. Nilitaka ajue dada yangu alikuwa nani. Miezi minne tu toka tumzike, na mimi kaka mtu, mkubwa wa nyumba, ninayepaswa kulilinda, nikaligawa kama pipi.

Ulimi uliponza kichwa, wanasema. Kichwa changu kingekuwa peke yake, ningelala.

Jumatatu, 14 Oktoba

183 kwa 104. Sijala.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Mdogo Idell. Alikuwa anatwanga kokwa kwa uji. Sikumwambia kitu. Akasema bila kuinua macho, "Kumbe ni wewe." Connie hakumwambia, Raylene hakumwambia. Kanisoma usoni.

Akatwanga. Akatwanga tena. Kisha akasema zamani mtu aliyetaja jina la marehemu wa watu alikwenda kusimama nje ya mlango wa wafiwa, kimya, hadi aitwe ndani. Hata siku tatu.

Nikasema, mlango gani? Mfiwa mkubwa ni mimi.

"Basi kasimame nje ya mlango wako. Tuone nani atakuita."

Akacheka, mzee yule, meno mawili tu! Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilirudi kwangu kwa hasira. Nikafungua pikapu, nikashuka, nikafika mlangoni. Nikasimama.

Upuuzi mtupu. Jirani kapita na mbwa, kaniuliza umepoteza ufunguo? Nikasema ndiyo. Mvua ikaanza. Mimi niliwahi kusimama kwenye mto wenye barafu usiku kucha nikimshika samoni mkia, mvua si kitu. Lakini leo ilinipata. Hakuna aliyeniita. Mwisho niliingia tu, kama mwizi.

Jumanne, 22 Oktoba

Presha 179 kwa 101. Mkate, uji wa Mama Mdogo, kauleta Raylene.

Connie kajitolea kulifuta jina. Haiwezekani, limechongwa ndani ya mti. Kalibandika utepe mweusi. Na vijitabu? Mia mbili vinatembea mjini. Wale wawili wa mji mkubwa wamelishika jina mdomoni, wanalitaja simuni kama wanamwita mhudumu wa hoteli. Raylene kila mara anaweka simu mbali na sikio.

Akaketi. Kasema iko njia. Bibi Idell kamkumbusha. Kaka mkubwa akimpa mtoto jina la marehemu, jina linakuwa la aliye hai, na kulitaja si kosa tena. Ni msichana, daktari kasema. "Mpe, Mjomba. Aliyeko tumboni. Mpe kabla ya Jumamosi."

Nikamwambia mwaka haujatimia. Nikamwambia mtoto hajavuta hata pumzi moja. Nikamwambia jina halipewi mtoto ili picha iuzike! Kwanza walichukua kiwanja, sasa tukinunue kwa sura ya dada yangu, na jina lake liwe risiti, na mtoto awe gundi ya kubandikia!

"Ungekuwa na mdomo mfupi, tusingefika hapa."

Nikasema atoke kwangu. Nilimwambia mtoto wa dada yangu, mwenye mimba, atoke. Alitoka. Bakuli kaliacha.

Nilimpigia Mama Mdogo, nikamuuliza kama imewahi kutokea kabla ya mwaka. Kasema mara moja, mwaka wa mafuriko. Ikawaje? Kasema mtoto aliishi, na kaka aliyempa hakulala vizuri tena. Je, nimpe jina? "Mimi si kaka yake," akakata simu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Connie kaja hadi kwangu. Kasimama nje ya mlango. Hakubisha hodi. Mvua inanyesha, kasimama tu na koti lake la manjano. Nani kamwambia? Mama Mdogo, nani mwingine!

Sikumwita ndani. Dakika arobaini, nilitazama saa. Nilikaa upande wangu wa mlango, yeye upande wake.

Kosa ni langu, nalijua. Lakini yeye ndiye alikuwa amelowa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sijapima. Nimo ndani ya pikapu, kiwanja cha magari, ukumbi wa zimamoto. Milango yao mikubwa iko wazi, nasikia kila kitu. Nimekuja kuwalinda. Kuingia, siingii.

Mama Mdogo Idell yuko kiti cha mbele, kitambaa tayari shingoni. Kasema jina likisikika anasimama na kutoka, na wazee wote nyuma yake. Na wazee wakitoka, nani atanunua kitu cha watu waliokasirika?

Msema mnada ni dalali wa ng'ombe, wamemwazima kwenye maonyesho ya kilimo. Mdomo kama mashine ya kushona. Raylene kamwambia mara mbili namba kumi na saba, picha ya Connie, usilisome jina. Kasema ndiyo mama, ndiyo mama. Lakini namba tatu aliambiwa asitaje bei ya kuanzia, na kaitaja. Anasoma lililo mbele yake. Kijitabu kiko mbele yake.

Namba tisa. Dubu wa msumeno. Kanunuliwa! Na Pruett! Kaja na kofia, anacheka na kila mtu, anatumwagia hela aliyoipata kwa kukata miti yetu, tumrudishie mwisho wa mwezi. Ningemtia dubu yule mdomoni.

Kumi na mbili. Machweo. Machweo.

Connie kasimama kando ya picha, mgongo kwenye fremu, kaficha utepe kwa kiwiliwili chake. Taa zile zina joto kali, gundi inaachia. Namwona anabonyeza kwa kidole gumba nyuma ya mgongo, akidhani hakuna anayeona. Sijui nimchukie vipi sasa. Nitapata njia.

Kumi na tano. Mwenye manyoya.

Raylene anatoka. Anakuja huku, mkono kiunoni. Ana sura ya mama yake alipokuwa anakuja kunitoa baa.

Kafungua mlango wa pikapu, kakaa kando yangu, anahema. Kasema yule dalali kamuuliza yeye jina linatamkwaje. Anafanya mazoezi, Mjomba! Kasema hivi: ama nimpe mtoto jina sasa, ama anarudi ndani kuitoa picha ukutani kwa mikono yake, na kiwanja kiende kwa zabibu. Hataruhusu mama yake aitwe kama ng'ombe akiwa marehemu. Akiwa mtoto hai, waite hadi wachoke.

Kasema halii. Analia.

Kumi na sita. Haraka mno, dalali huyu hana mapafu?

Mimi niliwahi kuzungumza na dubu jike saa nzima mpaka akajuta akaondoka. Ile ni kweli, kwa sehemu kubwa. Maneno hayajawahi kunikimbia. Leo nililo nalo ni neno moja tu, na ndilo lile jina. Juni lilinitoka kwa bia tatu.

Kachukua mkono wangu wa kushoto, kauweka tumboni. Kunapigwa teke huku. Teke la nguvu, la ukoo wetu, hata nesi angeandika.

Kumi na saba. Wamesema kumi na saba. Connie anatazama huku. Mama Mdogo kageuka kitini, anatazama huku pia.

Raylene anasema, Mjomba, weka kalamu chini, sema.